Aliyetoroka Hajaanza Upya

Siku hizi neno moja limekuwa jepesi mno midomoni mwa watu: «Naanza maisha mapya.» Mwanamume wa miaka 35 au 40, mwenye mke wa ndoa na watoto wanne, auza mbuzi wawili, afunga mzigo wake usiku, apanda lori la kwenda Pweto. Baada ya miezi mitatu simu yake haiiti tena. Baada ya mwaka habari zafika: yuko Kolwezi anachimba, au yuko Kamituga kwenye dhahabu, anakaa na mwanamke mwingine, huko wanamwita kwa jina lingine. Mtu wa kwao akikutana naye sokoni na kumpa salamu za nyumbani, hujibu pasipo haya: «Yale yamepita. Mimi ni mtu mpya.»

Sisi twasema wazi: huyo si mtu mpya. Ni mtu yule yule, amehamisha kitanda tu.

Msidhani kwamba twawakataza watu wazima kuanza tena. Kama tungeweza, tungewasukuma wengi zaidi waanze. Kuna baba wa miaka 45 ambaye kila jioni aketi katika darasa la kusoma na kuandika, magoti yakigonga meza iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, naye afuata herufi kwa kidole. Kuna mama aliyeacha kupika lutuku iliyomlisha miaka 10, akaanza kuuza unga na ndagala, na faida ya sasa ni ndogo kuliko ile ya kwanza. Kuna mtu aliyekatiza shule kwa sababu ya umaskini, naye sasa, mwenye watoto, amejiandikisha peke yake kwa mtihani wa serikali, maana sheria yamruhusu aliyejifunza nje ya shule. Hao twawaheshimu. Tena twawakasirikia wanaowacheka. «Samaki mkunje angali mbichi,» wasema, huku wakichungulia dirishani mwa darasa. Methali hiyo ni ya kuwaamsha wazazi wavivu, wawalee watoto mapema. Haikutungwa ili mzee afungiwe mlango. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa askari mpenda sifa mpaka mwaka 1521, mzinga ulipomvunja mguu pale Pamplona. Alikuwa na miaka 33 hivi alipoketi Barcelona pamoja na vijana wadogo akijifunza sarufi ya Kilatini. Alipopata digrii yake ya ualimu huko Paris, mwaka 1535, alikuwa amekwisha kupita miaka 40. Wenzake darasani hakika walikuwa na la kucheka. Leo hatuwajui majina.

Wala hatuwasemi waliofukuzwa na vita, wakaacha mashamba na makaburi ya wazazi wao. Hatumsemi mtu wa Goma ambaye nyumba yake ilifunikwa na moto wa Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, akajenga tena juu ya mawe meusi, na tarehe 22 Mei 2021 akauona mlima unawaka mara ya pili. Hatumsemi mjane aliyekataa kurithiwa na shemeji yake, akashika watoto wake mkono na kwenda mjini kushona nguo. Huyo mjane amefanya vema, na ukoo unaomwita mkaidi ndio wenye kosa. Wala mwanamke aliyekimbia fimbo asihesabiwe kuwa mtoro. Kanisa lenyewe, katika sheria yake, lamruhusu mwenzi kutengana na yule anayetia hatarini roho au mwili wake au wa watoto. Tumesikia wazee wakimrudisha mama wa namna hiyo kwa mumewe na neno «vumilia», uso wake ukiwa ungali umevimba. Hilo tutaliandikia siku nyingine, maana lataka ukurasa wake.

Na tukumbuke kwa heshima wale wa Katanga walioanza tena pasipo kupenda. Kampuni ya Gécamines iliwalea watu tangu kuzaliwa: nyumba ya kampuni, shule ya kampuni, hospitali ya kampuni, posho ya unga kila mwezi. Ilipoanguka, mishahara ilikatika miezi na miezi. Halafu, mwaka 2003 na 2004, kwa fedha zilizopitia Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa kiasi fulani mkononi na kuambiwa waende. Waliita jambo hilo «kuondoka kwa hiari», ingawa hiari ya mtu mwenye njaa ni jambo la kujadiliwa. Wengi walikuwa wamefanya kazi ile ile maisha yao yote. Fedha ziliisha upesi kwa wengi. Wengine walichukua jembe, wake zao wakaenda sokoni na mabeseni, na baba aliyekuwa fundi wa umeme akajifunza kusubiri chakula kilichonunuliwa kwa jasho la mama. Hiyo ni shule kali kwa mwanamume. Lakini waliobaki na watoto wao katika shida ile walianza upya kweli kweli, wala hawakubadili jina.

Sasa turudi kwa mtoro wetu. Neno lake la kwanza ni la dini, nalo latuudhi zaidi. Asema: «Nilipookoka, ya zamani yalifutwa.» Tena wako wahubiri mijini wanaompigia makofi. Wanampa kipaza sauti aeleze namna alivyotoka gizani, na watu wanalia. Hakuna anayemwuliza: huko gizani ulikotoka, umewaacha akina nani?

Sisi pia twafundisha kwamba ubatizo wafuta dhambi zote. Lakini dhambi na deni si kitu kimoja. Mtu aliyeiba ng'ombe akaungama, Mungu amsamehe. Ng'ombe hata hivyo hajarudi zizini. Dawa ya deni ni kulipa. Zakayo hakungoja kuhubiriwa hilo. Siku ile ile Bwana alipoingia nyumbani mwake, alitoa nusu ya mali yake kwa maskini, akaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Hakuondoka Yeriko aende kuwa mtoza ushuru mwema katika mji mwingine. Alibaki pale pale, wanapojua uso wake na kimo chake.

Na tazameni sheria ya Kanisa kwa habari ya mtu mwenye wake wengi anayeomba ubatizo. Walimu wa dini tunaijua, maana jambo hili hutufikia sisi kwanza kabla ya kumfikia padri. Mtu huyo hapewi ruhusa ya kubaki nao wote. Abaki na mmoja. Je, wengine? Kanuni ya 1148 yasema askofu wa mahali ana wajibu wa kuangalia kwamba mke wa kwanza na wengine walioachwa wanapata mahitaji yao, kwa haki na kwa mapendo. Fikirini hapo kidogo. Huyu mtu ajongea maji yatakayomzaa upya, hapana kuanza upya kunakopita huko, na hata mlangoni mwa kisima Kanisa lamshika mkono na kumwuliza: wale akina mama watakula nini? Ikiwa mtu anayeacha wake kwa sababu ya ubatizo hasamehewi chakula chao, je, atasamehewa yule aliyemwacha mke wa ndoa kwa sababu ya machimbo?

Tena kuna Onesimo. Barua ya Paulo kwa Filemoni ni fupi, aya 25 tu, na Wakristu wengi hawajaisoma hata mara moja. Onesimo alikuwa mtumwa, akatoroka, akakutana na Paulo kifungoni, akabatizwa. Basi huyo alikuwa na haki kuliko wote ya kusema: mimi ni mtu mpya, habari za kule zimekwisha. Paulo alimtuma arudi. Sisi watu wa kando ya Tanganika, ambao mababu zetu walifungwa minyororo na kuvushwa ziwa, hatuwezi kuusifu utumwa, wala hatutumii barua hii kumwambia mtumwa yeyote arudi. Lakini ona namna Paulo alivyomrudisha: si kama mali, bali kama ndugu, na barua mkononi, akisema kwamba kama ana deni, yeye Paulo atalilipa. Ubaya wa zamani haukuachwa nyuma ya mlima. Uliitwa mezani, ukahesabiwa, ukapata wa kuulipa. Kama mtumwa, ambaye alidhulumiwa, alikubali kuonana tena na uso wa bwana wake, mume asemaje anapoogopa uso wa mke aliyemdhulumu yeye mwenyewe?

Neno lake la pili ni la mtu aliyesoma kidogo. Asema: «Hata watakatifu waliacha yote. Petro aliacha nyavu.» Ndiyo, Petro aliacha nyavu. Mama mkwe wake hakumwacha: Bwana mwenyewe aliingia katika nyumba hiyo ya Kapernaumu, akamshika mkono yule mama mwenye homa, akapona. Na Inyasi tuliyemtaja, kabla ya kuyaacha maisha yake ya kwanza, mwaka 1522, alikumbuka kwamba katika nyumba ya mkuu wa Nájera kuna fedha anazodai kwa kazi yake ya zamani. Alikwenda akazidai. Je, zilikuwa za safari? Hapana. Aliagiza zigawiwe watu aliojiona ana wajibu kwao, na nyingine zitengeneze sanamu ya Bikira Maria iliyokuwa imeharibika. Baada ya hapo ndipo aliposhika njia yake. Mwaka 1535 alirudi Azpeitia, nchi ya kwao, mahali walipomjua alivyokuwa kijana. Akalala katika hospitali ya maskini wala si katika jumba la kaka yake, akawafundisha watoto katekisimu.

Kuna mwingine ambaye mtoro wetu angempenda sana kama angemjua, kwa hiyo afadhali tumtaje sisi kwanza. Mtakatifu Nikolao wa Flüe, mkulima na mwamuzi wa Uswisi, aliondoka nyumbani mwezi Oktoba 1467 awe mkaa pweke. Alikuwa na miaka 50, na mke, Dorotea, na watoto 10, wa mwisho akiwa hajatimiza mwaka. Neno gumu hilo! Hatulifichi, na akina mama wakilisikia hukunja uso. Lakini pimeni yote. Alizungumza na mkewe mpaka mkewe akakubali; pasipo ndiyo ya Dorotea asingekwenda. Wana wakubwa walikuwa wamefikia kushika shamba. Alianza safari ya mbali, akafika karibu na Basel, akageuka. Akajenga kibanda chake bondeni, Ranft, mwendo mfupi kwa miguu kutoka mlangoni mwa nyumba yake. Akakaa hapo karibu miaka 20, mpaka kufa mwaka 1487, mkewe na wanawe wakijua kila siku yuko wapi. Basi, ewe ndugu wa Kolwezi, kama wataka kumfuata Nikolao, tuonyeshe kwanza ndiyo ya mkeo.

Na hapa petu tunaye Kapiteni Joubert. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1842, akawa askari wa Baba Mtakatifu, kisha akaacha nchi yake akaja Mpala kuwalinda watu na wawindaji wa watumwa. Mwaka 1888 alimwoa Agnesi Atakaye, msichana wa nchi hii, akakaa karibu na Moba mpaka kufa kwake mwaka 1927. Aliacha maisha yake ya Ulaya mbele ya macho ya watu, kwa jina lake, na alipojifunga hapa alijifunga kabisa. Twamtaja kwa sababu wengine husema kwamba anayehama nchi lazima ahame na ahadi zake.

Tuyaache ya watakatifu na makapiteni. Tuwaambie ninyi mnaosifu «maisha mapya» ya ndugu yenu kitu ambacho hamkioni, kwa sababu ninyi mko mjini naye na sisi tuko kijijini na mkewe.

Huyu mama ni mjane wa mume aliye hai. Waliomkopesha mumewe wanamjia yeye. Zamu yake ya likelemba ilikwisha kuliwa, na fungu la kila wiki bado ladaiwa. Wakwe wasema amemchosha mtoto wao. Wazazi wake waogopa kumpokea, wasije wakadaiwa mahari. Mwana wa kwanza ameacha sekondari, anavuta nyavu za watu. Mama huyu akija kwetu baada ya miaka 7, na kuuliza kwa sauti ndogo kama aweza kuolewa kanisani na mtu mwema aliyempata, tumjibu nini? Twamjibu kama sheria isemavyo: ndoa ya Wakristu iliyotimizwa haifunguliwi na mtu, ila na kifo. Aseme basi kwamba amekufa? Kanuni ya 1707 yamfungia na hapo. Askofu hawezi kutangaza kwamba mume amekufa mpaka awe na hakika kutoka kwa mashahidi na alama nyingine. Kutokuonekana kwake tu, hata kwa miaka mingi, hakutoshi. Watu hulaumu sheria hiyo kuwa ngumu. Sisi tunamlaumu aliyezima simu. Sheria haikumfunga mama yule peke yake. Mumewe alishika kamba upande wa pili, naye akaenda nayo.

Hata mbele ya serikali mambo ni hayo. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyotengenezwa tena mwaka 2016, yawadai mume na mke kukaa pamoja na kusaidiana, nayo yawadai wazazi kulisha watoto wao. Kuachana kwapitia barazani, kwa hakimu. Hakuna kuachana kwa njia ya lori.

Mtu atatuuliza: «Basi wote warudi vijijini wafe njaa?» Hatukusema hivyo. Kazi ikiwa Kolwezi, abaki Kolwezi. Lakini awashe simu. Aseme jina lake la kweli. Atume fedha, siku hizi zafika kwa simu kabla ya jua kuchwa, wala hamna tena kisingizio cha mjumbe aliyekula pesa njiani. Akipata chumba, awaite mke na watoto. Hata Union Minière, ambayo haikuwa shirika la huruma, kabla ya mwaka 1930 ilianza kuwaandika watu kwa mikataba ya miaka 3 na kuwaruhusu waje na wake zao, maana ilihesabu ikaona kwamba mtu aliyetengwa na nyumba yake ni hasara. Wenye kampuni walifahamu jambo hilo kwa ajili ya shaba. Mkristu asilifahamu kwa ajili ya watoto wake?

Na kama amekwisha kuzaa na mwanamke mwingine huko? Hapo ni pagumu, hatudanganyi. Mtoto wa huko hana kosa, na chakula chake ni deni kama cha wale wa kwanza. Mwanamke wa huko pengine alidanganywa naye. Lakini shimo huwa refu kila siku linapochimbwa, na aliye ndani ndiye mwenye jembe. Aende kwa padri, aseme yote, yote kabisa, na majina. Padri hatafukuza mtu aliyekuja kwa miguu yake.

Neno letu la mwisho ni kwa parokia za mijini na za machimbo, wazee na wakubwa wa kwaya. Mnapokea wageni vizuri, nasi twawashukuru, maana wengi ni watoto wetu. Lakini mgeni wa miaka 40 ajapo na sauti nzuri ya besi, msimpe joho Jumapili ya kwanza. Mwulizeni: umebatizwa wapi, na lini? Akijibu, andikeni kule. Ndoa ya Kanisa huandikwa pembeni mwa jina katika daftari la ubatizo, na daftari hilo halikupanda lori pamoja naye. Akitaka kuoa kwenu, dai hati mpya ya ubatizo, iliyotolewa mwaka huu huu, si karatasi iliyokunjwa mfukoni tangu ujana. Tumeona hati moja iliyoombwa kwa wakati wake ikizuia ndoa ya uongo siku chache kabla ya matangazo ya tatu, na msichana wa watu akaokoka. Na mkiona katika majibu kwamba kuna mke, msimfukuze huyo mtu. Mpeni simu hapo hapo ofisini, mwambieni namba ni ile ile.